Muhuta: Sayansi imo ndani ya dumu la mawese

DUMU la lita 20 likijazwa maji, maji hayo yana uzito wa kilo 20. Dumu hilohilo likijazwa mawese, mawese yana uzito wa kilo 18 na kitu. Mfanyabiashara anayenunua kwa kilo Rumonge na kuuza kwa lita Bujumbura au Uvira anaishi ndani ya tofauti hiyo, ajue asijue. Akiijua, anapanga bei yake mwenyewe. Asipoijua, yupo mtu mwingine anayempangia.

Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuigundua kwa mikono yake, akiwa na chupa mbili, kijiti na kamba. Lakini katika shule nyingi za ukanda huu, sayansi bado ni maneno yanayotoka ubaoni, yanaingia daftarini, kisha yanarudi kwenye karatasi ya mtihani bila kupita mikononi mwa mtoto. Mtoto huyo huandika kwamba “mafuta huelea juu ya maji” siku ileile ambayo mama yake ameuziwa mawese yenye maji chini ya dumu.

Tarafa ya Muhuta ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Ipo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara kuu namba 3 inayoteremka hadi Rumonge na Nyanza-Lac kuelekea mpaka wa Tanzania. Milima inakaribia sana ziwa hapa, na barabara imebanwa katikati. Wasafirishaji wanakumbuka mvua za Machi 2015, ambapo maporomoko ya ardhi ya Gitaza yaliifunga njia hiyo. Ng’ambo ya maji ni Congo. Kusini zaidi michikichi inazidi kuwa mingi. Ndagala wanaanikwa, maboti yanapakiwa, na mizani inaning’inia kila soko. Mtoto wa hapa hukua akizungukwa na vifaa vya sayansi ambavyo hakuna aliyemwambia kuwa ni vifaa vya sayansi.

Swali lililojibiwa kwa kasia

Mwambao huu una historia yake ya kujifunza kwa kwenda kutazama. Katikati ya karne ya 19, wataalamu wa jiografia mjini London walibishana kuhusu mto Rusizi ulioko ncha ya kaskazini ya ziwa. Je, unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, huenda ndio chanzo cha Nile. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto unaingia, lakini wao wenyewe hawakufika kwenye mdomo wake. Mabishano yakaendelea.

Novemba 1871, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi Ujiji wakapiga kasia kuelekea kaskazini, wakiufuata ufuko wa mashariki ambao leo ni wa Burundi, Muhuta ikiwemo. Walifika kwenye mdomo wa Rusizi wakaona maji yakiingia ziwani. Suala likaisha. Jiwe la Mugere, karibu na Bujumbura, bado lina kumbukumbu ya safari hiyo.

Kuna mafunzo mawili hapo. Kwanza, ubishi wa miaka ulimalizwa na macho. Pili, wenyeji walikuwa na jibu tangu mwanzo, ila hawakuaminiwa. Shule inayompuuza mtoto wa mvuvi anapoeleza kwa nini ndagala hawapatikani usiku wa mbalamwezi inarudia kosa lilelile.

Chupa mbili na kijiti kimoja

Kujifunza kwa kugundua maana yake ni hii: mwalimu huleta kitu na swali, mtoto hubashiri, hujaribu, huona, kisha husema alichokiona kwa maneno yake. Jina la kitabuni huja baadaye.

Chukua mawese. Mwalimu anajaza chupa moja maji na nyingine ya ukubwa uleule mawese. Kabla ya kupima, anauliza: ipi nzito? Watoto wengi watasema mawese, na sababu yao ni nzuri. Kiswahili chenyewe husema mafuta ni “mazito”, kama uji mzito. Neno moja linabeba mambo mawili, ule uzito wa mizani na ule ugumu wa kumiminika. Kisha chupa zinafungwa kwenye ncha mbili za kijiti kilichoning’inizwa katikati. Upande wa maji unashuka. Hapo darasa linanyamaza, na katika ukimya huo somo linaanza. Mtoto aliyeona kijiti kikiinama hatasahau tena kwamba kitu kizito cha kumiminika si lazima kiwe kizito mkononi.

Somo la pili linafuata lenyewe. Watoto wanachanganya maji na mawese ndani ya chupa angavu, wanatikisa, wanaiacha itulie. Maji yanazama chini, mawese yanapanda juu. Darasa la juu kidogo linaweza kuongeza hesabu: lita 2 za maji zikifichwa ndani ya dumu la lita 20 la mawese huongeza gramu 200 tu hivi kwenye mizani. Mizani ya soko inaweza isizione. Chupa angavu inaziona. Kipimo hiki hakifichui kila hila, kwa mfano mafuta mengine ya bei rahisi yaliyochanganywa na mawese, lakini hila ya maji kinaifichua wazi.

Joto nalo lina somo lake. Mawese yanayomiminika kama maji ufukweni adhuhuri huganda yakifika kwenye baridi ya milima ya Bururi. Mwalimu anaweza kuweka chupa moja juani na nyingine kivulini na kuwaacha watoto watazame. Watagundua pia kwamba mafuta yakipata joto hutanuka. Lita 20 zikipanda joto kwa nyuzi 20 huongezeka kwa zaidi kidogo ya robo lita. Anayenunua kwa lita mchana na kuuza kwa lita alfajiri hupoteza kidogo kila dumu, na mara nyingi humlaumu msafirishaji.

Na maji yenyewe ni jiwe la mizani. Lita 1 ya maji safi ina kilo 1. Chupa ya lita 1 iliyojaa hadi kwenye alama, ukiondoa gramu chache za plastiki, inatosha kumwonyesha mtoto kama mizani ya muuzaji inasema kweli. Darasa likitoka na chupa tano tu kwenda kuipima mizani ya duka la jirani, kwa ruhusa ya mwenye duka, limefanya fizikia, hesabu na uraia kwa saa moja.

Ndagala kwenye kichanja, mwezi angani

Samaki mbichi ana maji kiasi cha robo tatu ya uzito wake. Kila mwanamke anayeanika ndagala anajua kwamba kilo nne za asubuhi si kilo nne za jioni. Shuleni, jambo hilo linaweza kuwa jaribio. Konzi tatu za ndagala zenye uzito sawa zinaanikwa: moja juu ya mchanga, moja juu ya mkeka, moja juu ya kichanja cha wavu kilichoinuliwa. Kila saa watoto wanazipima kwa mizani yao ya kijiti na kuandika.

Kichanja kitashinda, kwa sababu upepo unapita juu na chini, na samaki wake hawatakuwa na mchanga. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilihimiza vichanja vya aina hii kwenye mwambao wa Burundi kwa sababu hiyohiyo. Mtu mzima aliambiwa na mradi, mtoto amejionea. Na mnunuzi wa Kigoma au Lubumbashi anayelalamika kwamba ndagala wameota ukungu njiani analipia, bila kujua, somo ambalo halikufundishwa: samaki ambaye hakukauka vizuri bado amebeba maji, na ukungu hupenda maji.

Mwezi ni jaribio refu zaidi, na halina gharama. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi mara nyingi taa za betri na za jua. Mbalamwezi ikiwaka ziwa lote, taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwakusanya samaki, na wavuvi wengi hupumzika. Mwalimu anaweza kuwaambia watoto wachore mwezi kila usiku, umbo lake na upande uliopo, kwa siku 30. Kando ya kila mchoro waandike bei ya fungu la ndagala sokoni siku hiyo. Mwisho wa mwezi watakuwa na safu mbili: ya anga na ya bei. Hakuna kitabu kitakachowaonyesha kwa uwazi namna hiyo jinsi mzunguko wa siku 29 na nusu unavyogusa mfuko wa mama yao.

Maarifa hayo yana uzito kuliko zamani. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Congo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka ili samaki wazaliane. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni robo ya mwaka. Amri kama hiyo hushikwa na askari kwa muda, lakini hushikwa na ufahamu kwa muda mrefu. Mtoto aliyepasua tumbo la samaki darasani akahesabu mayai, akarudia miezi mbalimbali, akikua hatahitaji kulindwa ili asivue wakati wa mayai.

Mikono yenye mawese

Kipindupindu hurudi mara kwa mara kwenye mwambao wa Rumonge na Bujumbura, na kikija biashara huumia pamoja na watu. Hapa pia mawese yanaweza kufundisha. Mtoto mmoja anapakwa mawese kiganjani, kisha wanafunzi wanasalimiana kwa mikono mmoja baada ya mwingine. Rangi nyekundu inasafiri. Wanahesabu imefika kwa wangapi. Kisha nusu yao wananawa kwa maji matupu, nusu kwa maji na sabuni. Matokeo hayahitaji hotuba.

Lakini somo hili linaonyesha pia mpaka wa kugundua. Mtoto anaweza kuchuja maji ya ziwa kwa mchanga na kuyaona yakitoka maangavu, akadhani yamekuwa salama. Macho hayaoni vimelea vya kipindupindu. Hapo mwalimu lazima aseme wazi: maangavu si lazima yawe salama, yachemshwe au yatiwe dawa. Na usalama ufukweni nao si wa kugunduliwa. Ziwa hili lina mamba na viboko, na hakuna jaribio linalostahili kumpeleka mtoto ndani ya maji. Ndoo moja iliyochotwa na mtu mzima inatosha darasa zima.

Njia isiyo ngeni Afrika Mashariki

Wapo wanaodhani ufundishaji huu ni mtindo mpya wa wafadhili. Si kweli. Katika miaka ya 1960, nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, zilishiriki mpango wa sayansi kwa shule za msingi uliotumia vitu vya kawaida: mchanga, majani, wadudu, vitu vinavyoelea na vinavyozama, mwezi. Mwaka 1970 mpango huo uliingia mikononi mwa chombo cha Kiafrika, SEPA, kilichokuwa na makao Accra.

Eleanor Duckworth, mtaalamu wa elimu aliyewahi kusoma kwa Jean Piaget huko Geneva, alipewa kazi ya kuutathmini mpango huo nchini Kenya. Hakuwapa watoto maswali ya kujibu kwenye karatasi. Aliwawekea vitu mbalimbali, akawaacha wafanye watakalo, akatazama. Watoto waliopitia mpango walibuni mambo mengi zaidi ya kufanya na waliyafuatilia kwa kina kuliko wenzao. Walikuwa wamejifunza kuanza wenyewe, sifa ambayo mfanyabiashara yeyote wa mpakani anaijua thamani yake.

Mfano maarufu zaidi unatoka Tanzania, na ndani yake wamo wachuuzi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ikijaa, naye akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yaliyopozwa kwanza. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake aliyeuza aiskrimu Tanga alimwambia kwamba wao huweka mchanganyiko wa moto makusudi ili ugande haraka. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu zake, na hata kuhusu ni lini hasa jambo hilo hutokea, lakini jina la Mpemba limebaki kwenye vitabu vya fizikia duniani.

Wachuuzi wa Tanga waliona kwanza. Kilichomtofautisha Mpemba ni kwamba aliendelea kuuliza baada ya kuchekwa.

Kugundua si kuachiwa

Vikwazo vipo na ni vya kweli. Tangu elimu ya msingi ya serikali iwe bila ada nchini Burundi mwaka 2005, madarasa yamefurika, na shule nyingi hugawa watoto zamu mbili, asubuhi na mchana. Mwalimu mwenye watoto wengi kupita madawati hawezi kumpa kila mmoja mizani. Anachoweza ni kugawa vikundi, kila kikundi na chupa zake, na kufanya jaribio moja kwa wiki badala ya kila siku.

Lugha ni kikwazo kingine. Mtoto wa Burundi huanza masomo kwa Kirundi, kisha kuanzia mwaka wa tano masomo huhamia Kifaransa, huku sokoni akisikia Kiswahili. Sayansi ya kukariri humlaza mtoto huyo, kwa sababu anakariri maneno asiyoyaelewa. Sayansi ya mikono huanza na kitu, na kitu hakibadiliki kwa lugha. Samaki anayeitwa mukeke Rumonge na mgebuka Kigoma ni yuleyule, na mapezi yake ni yaleyale. Mtoto akishamjua samaki, majina mawili au matatu si mzigo tena, ni mtaji wa kuvukia mpaka.

Kikwazo cha tatu kimo ndani ya mwalimu mwenyewe. Jaribio huzaa maswali, na mengine mwalimu hana jibu lake. Aliyezoea ubao huogopa kusema “sijui, tujaribu tuone”. Na wapo wanaokosea upande wa pili: wanawaachia watoto vitu wavichezee bila swali, wakidhani huko ndiko kugundua. Mtoto aliyeachwa peke yake na chupa hucheza na chupa. Mwalimu ndiye anayechagua kitu, anayeuliza swali linalojibika, anayezuia jibu lisije mapema, na anayehakikisha mwisho wa kipindi kila mtoto ameandika alichokiona.

Mitaala ya ukanda inaelekea huko. Burundi ilianza mfumo wa elimu ya msingi ya miaka tisa mwaka 2013. Rwanda ilianza mtaala wa umahiri mwaka 2016, na Kenya ilianza kujaribu wake mwaka 2017. Yote inataka mtoto aweze kufanya, si kusema tu. Lakini mtihani ukiendelea kuuliza maneno, mwalimu ataendelea kufundisha maneno, na wazazi wataendelea kumlaumu anayewatoa watoto nje ya darasa kwamba “anawachezesha”.

Kinachoweza kutoka sokoni

Hapo ndipo wafanyabiashara wanapoingia, kwa kuwa wengi wao ni wazazi, na vifaa vinavyokosekana shuleni vimelala kwenye maghala yao. Chupa tupu, vizibo, madumu yaliyopasuka yanayoweza kukatwa kuwa beseni, kamba, mizani iliyokufa ambayo bado ina springi yake, vipande vya wavu wa kichanja: hivyo ni maabara. Mwanamke anayejua kwa kidole kama ndagala wamekauka anaweza kukaribishwa darasani kwa nusu saa, na watoto wakajaribu kama kidole chake kinakubaliana na mizani yao. Msafirishaji anayevuka kutoka Kigoma hadi Bujumbura anaweza kurudi na bei za soko la pili ili watoto walinganishe na michoro yao ya mwezi.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Congo mwaka 2022. Sasa nchi tatu kati ya nne za ziwa hili zimo ndani ya soko moja. Bidhaa zitavuka zaidi, na kila zinapovuka hupimwa: kwa kilo, kwa lita, kwa fungu, kwa macho. Mtoto wa Muhuta ambaye leo anafunga chupa mbili kwenye kijiti ndiye atakayesimama forodhani kesho na dumu lake. Mtu atamwambia lina kilo 20 za mawese. Atalitazama, ataona ni la lita 20, na ataomba mizani.